"Nani Yuko Nyuma Yake?" Stori ya Masuria wa Kasri la Unguja na Mtumwa wa Fumba Aliyegeuka Siti

Wadau, leo tuweke ubuyu pembeni kidogo. Au tuseme tunaula, ila ni ubuyu wa miaka mia na ushee.

Juzi nilikuwa mnadani hapa Msalato, tumekaa watu wanne, nyama iko mezani, vumbi letu la Dodoma liko pale pale kama kawaida. Akapita binti mmoja tunayemjua wote. Kazi yake kuimba na bendi wikiendi, akipata sherehe anaimba, msimu wa harusi hashikiki. Kapaki IST yake, kashuka, kasalimia, kaenda zake kununua nyama. Hajafika hata kwa muuzaji, jamaa mmoja kashatoa hukumu: "Hiyo gari ya mheshimiwa hiyo." Mwingine akadakia: "Bunge likianza si ndo misimu yao." Wote tukacheka. Na mimi nilicheka, sikatai.

Tatizo ni kwamba mimi namjua yule binti. Tulicheza naye mchezo mmoja wa kutoa pesa kila mwezi, watu kumi na wawili. Najua zamu yake ilipofika alichukua kiasi gani, najua na deni alilobaki nalo. Ile gari ni ya koo lake. Lakini pale mezani sikusema kitu.

Nikarudi nyumbani inanisumbua. Mwanamke akiimba, akapendeza, akapata kitu, swali la kwanza ni nani yuko nyuma yake. Tunadhani ni swali la mjini, la enzi za Instagram. Kumbe ni la zamani sana, na kuna wakati hapa hapa kwetu lilikuwa na jibu la kweli, tena la kisheria. Nyuma ya mwanamke alikuwepo bwana aliyemmiliki. Baadaye akatokea mwimbaji mmoja akaingia nyumba zile zile za wakubwa kwa njia nyingine kabisa. Twende Unguja.

MLANGO WA CHUMBANI

Sayyid Said bin Sultan, yule aliyehamishia makao yake Zanzibar kutoka Oman, alifariki mwaka 1856. Aliacha watoto 36 walio hai. Wote 36 walizaliwa na masuria. Hakuna hata mmoja aliyezaliwa na mke wa ndoa. Wakati anakufa, masuria waliobaki kwenye nyumba zake walikuwa 75.

Suria si mke, na si hawara kama tunavyoelewa leo. Hawara anaweza kuondoka. Suria ni mwanamke mtumwa ambaye bwana wake kisheria anaweza kulala naye. Akimzalia mtoto, mtoto yule ni huru na anarithi sawa na watoto wa mke. Mama naye hauzwi tena, na bwana akifa anakuwa huru. Kwa hiyo tumbo ndo lilikuwa njia ya kutoka. Njia ya kuingia ilikuwa vita, utekaji, au soko.

Sasa sikia hili. Masultani wanne waliofuata baada ya Said pale Unguja ni Majid, Barghash, Khalifa na Ali. Wote wanawe, na wote mama zao walikuwa masuria. Yaani kuanzia 1856 mpaka 1893, Zanzibar ilitawaliwa na watoto wa wanawake walioingia pale kama mali. Barghash aliyejenga Beit al-Ajaib mama yake alikuwa Mhabeshi. Jengo lake watalii wanalipiga picha kila siku. Jina la mama yake nani anaulizia?

Hapo ndo pa kushika. Mwanamke angeweza kuzaa sultani, akavaa dhahabu, akahudumiwa na watu, na bado jina lake likayeyuka kama chumvi majini.

Tunamjua vizuri mmoja kwa sababu alizaa binti aliyejua kuandika. Anaitwa Jilfidan. Alikuwa Mcherkesi, watu wa milima ya Kaukasi, mbali huko karibu na Bahari Nyeusi. Vita vilifika kwao, wazazi wake wakauawa, watoto wakagawanywa. Yeye aliletwa kwenye nyumba ya Said akiwa bado mtoto mdogo wa miaka saba au nane hivi. Jino lake la kwanza la utoto lilimng'oka akiwa humo humo kasrini. Nilipolisoma hilo nilisimama kidogo. Yaani alikuwa mtoto wa kung'oka meno.

Akalelewa pamoja na mabinti wa Said wa umri wake, akajifunza kusoma, na alipokua akawa suria wa bwana mwenye nyumba. Mwaka 1844 akazaa binti, Salme, kwenye kasri la Mtoni. Mwaka 1859 kipindupindu kilipopiga Unguja, Jilfidan akafariki.

Salme ndo habari nyingine. Enzi hizo mtoto wa kike alifundishwa kusoma Kurani, kuandika hapana. Akajifunza kwa siri, ananakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia kwa wino. Mwaka ule ule aliofariki mama yake, ndugu wawili waligombana kuhusu kiti. Barghash alitaka kumpindua Majid. Salme, miaka 15, akaingia upande wa Barghash, na kwa sababu ana kalamu akawa karani wa uasi. Barua zikaandikwa kwa mkono wake. Uasi ukashindwa kwa msaada wa Waingereza, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay, na Salme akabaki na aibu pande zote mbili.

Baadaye akapendana na mfanyabiashara wa Kijerumani, akapata ujauzito, mwaka 1866 akatoroka Unguja kwa meli, na mwaka 1867 akabatizwa Aden na kufunga ndoa, akawa Emily Ruete. Mume akafariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akabaki Ujerumani na watoto wadogo watatu. Mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Bila kitabu kile, Jilfidan angekuwa namba tu kati ya wale 75.

USIDHANI NI MAMBO YA ZANZIBAR TU

Kuna mtu atasema hayo ni mambo ya Waarabu na watumwa, Ulaya walikuwa wastaarabu. Ngoja nikupe mfano mmoja wa haraka tuachane nao.

Wakati Ufaransa inapindua mfalme wake, miaka ya 1789 na kuendelea, Uingereza kulikuwa na mwigizaji nyota anaitwa Dora Jordan. Anachekesha, anaimba, watu wanajaza ukumbi kwa ajili yake. Kuna wimbo maarufu sana wa Kiskoti, The Blue Bells of Scotland, unaohusishwa na jina lake mpaka leo. Akaishi na mtoto wa mfalme, Duke of Clarence, kwa takriban miaka 20 bila ndoa, wakazaa watoto 10. Na wakati wote huo alikuwa anaendelea kupanda jukwaani, mimba zikiwa juu, kwa sababu pesa ilihitajika nyumbani. Magazeti yalimchora na kumtukana. Aliyekuwa anachekwa ni yeye, yule bwana haikuwa sana.

Mwaka 1811 bwana akamwacha. Akawekewa masharti: akirudi jukwaani, anapoteza malezi ya mabinti zake na pesa zao za matunzo. Yaani kazi iliyowalisha wote ndo ikageuzwa kosa. Madeni ya mkwewe yalipombana, akarudi jukwaani. Mwaka 1816 akafia Saint-Cloud, Ufaransa, mbali na watoto wake. Yule bwana mwaka 1830 akawa Mfalme William wa Nne.

Dora alikuwa huru kisheria, tena na kipaji chake na kipato chake, na bado alipoingia kasrini kwa mlango wa chumbani, mwenye kasri ndiye aliyepanga lini atoke na atoke na nini. Sasa fikiria suria wa Unguja ambaye hata huo uhuru hakuwa nao.

NCHI INAPINDUKA KIMYA KIMYA

Tukisema mapinduzi Zanzibar, akili zote zinaenda Januari 12, 1964. Sawa. Lakini kuna mapinduzi mengine yalipita kabla, polepole, yakageuza maisha ya watu wa chini.

Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa. Mwaka 1890 visiwa vikawa chini ya ulinzi wa Uingereza. Agosti 27, 1896 Waingereza wakalipiga kasri mizinga, vita ikaisha haijafika hata saa moja, watu wanaiita vita fupi kuliko zote duniani. Aprili 1897 ikatoka amri ya kufuta hadhi ya utumwa kisheria. Mtumwa sasa angeweza kwenda mahakamani kudai uhuru wake.

Isipokuwa suria! Soma tena. Amri ya 1897 iliwaacha masuria nje. Serikali ilisema wahesabiwe kama wake, wabaki walipo, mpaka mwanamke athibitishe mbele ya mahakama kwamba anatendewa ukatili. Mpishi akawa na haki ya kuondoka, mpagazi naye, mchuma karafuu naye. Mwanamke wa chumbani akaambiwa asubiri. Akasubiri mpaka 1909, ndipo amri mpya ikamfikia na yeye. Miaka 12.

Mabadiliko mengine yalionekana barabarani, kwenye nguo. Mtumwa mwanamke alikuwa anajulikana kwa kaniki yake, kitambaa cha rangi nyeusi au ya nili, kikavu, hakina urembo. Baada ya uhuru wanawake wakakimbilia kanga za rangi, wengine wakavaa buibui. Wakajaa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, wakatafuta majina mapya, kazi mpya, wengine wakabadilisha hata kabila. Ukitaka kujua mtu amekombolewa kweli, ulimwangalia alivyojifunga nguo. Sisi watoto wa leo tunaosema mavazi ni mambo madogo tungejifunza kitu pale.

MTUMWA WA FUMBA

Ndani ya mageuzi hayo ndo anatokea mtu wetu.

Alizaliwa karibu mwaka 1880 kijijini Fumba, Unguja. Wazazi wake walikuwa na asili ya bara na walitoka kwenye ukoo wa watumwa: baba asili yake Unyamwezi, mama Uzigua. Na jina walilompa mtoto ni Mtumwa. Ndiyo, hilo hilo. Mtumwa binti Saad.

Hapo kwenye Unyamwezi, watu wa Dodoma tukae vizuri. Njia ya misafara kutoka Tabora kwenda Bagamoyo ilikuwa inakatiza Ugogo, huku kwetu. Pembe za ndovu zilipita, wapagazi walipita, watumwa walipita, na watemi wa Kigogo walitoza ushuru wa njia. Ushuru huo uliitwa hongo. Leo neno hilo hilo tunalitumia kumsengenya binti: "kahongwa gari." Neno la ushuru wa barabara limeishia shingoni mwa wanawake. Anyway, ndo njia zilizowafikisha watu wa Unyamwezi pwani na visiwani. Stori ya Mtumwa ilianza kupita ardhi yetu kabla hajazaliwa.

Familia yake ilikuwa ya wakulima na wafinyanzi. Yeye akawa anafinyanga vyungu, anavibeba, anavitembeza kuuza. Na akiuza anaimba. Sauti ilikuwa inatangulia, watu wanajua Mtumwa anakuja kabla hawajaona chungu. Matangazo ya biashara hayo, bila bando.

Mwaka 1911 akahamia mjini. Mwaka huo huo Sultani Khalifa bin Harub alishika kiti. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, hana shule, hana ukoo wa kutajwa, hana sura ambayo wenye mji waliiona ni ya kusifia. Kama kuna mtu hakuwa na nafasi kwa mlango ule wa kwanza, ni yeye.

Taarabu ilikuwepo tayari. Barghash ndiye anayesifiwa kuileta kasrini, akamtuma Mohamed Ibrahim Misri kujifunza muziki. Mwaka 1905 wanaume wa mjini wakaanzisha kikundi chao, Ikhwan Safaa, ambacho kipo mpaka leo. Lakini taarabu ile ilikuwa ya Kiarabu, ya wanaume, ya watu wenye nafasi. Mwanamke wa Kiafrika wa asili ya utumwa akae mbele ya watu aimbe kwa Kiswahili? Hiyo haikuwepo kwenye ratiba.

Wanamuziki waliosikia sauti yake wakamfundisha. Akajifunza kusoma Kurani kwa tajwidi, akajifunza mahadhi ya Kiarabu, akashika na za Kihindi. Akawa na kundi lake la wanaume, kina Subeti Ambari, Buda Swedi, Mbaruk na Mwalimu Shaaban, na yeye ndo mbele. Nyimbo zikawa zinatungwa kwa Kiswahili, zinazungumza habari za mtaani. Na jina likabadilika. Mtumwa akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima, kwa Kiarabu. Binti aliyepewa jina la mali akafa na jina la bibi.

"KAMA SI SAUTI..."

Unadhani mji ulimpokea kwa makofi? Mji ni mji. Washindani wake wakamtungia mafumbo ya kumkumbusha alikotoka: kwamba alikuja na kaniki zake kutoka shamba, kwamba alikuwa mtu lini, kwamba bila hiyo sauti asingekuwa na cha kula.

Angalia lakini kile kijembe kimebeba nini ndani. Adui zake wenyewe wamekiri! Walitaka kumtukana, wakaishia kutoa ushahidi kwamba chakula chake kinatoka kooni mwake. Hawakusema ana bwana, hawakusema kalipiwa. Walisema sauti. Na yeye akawajibu kwa wimbo, si kwa matusi. Ujumbe wake ulikuwa kwamba uzuri na ukoo si hoja, hoja ni akili ya mtu.

Akaalikwa nyumba za matajiri wa Kiarabu na Kihindi. Akaimba kasrini. Sasa pima: ni kasri za ukoo ule ule wa wale wanawake 75. Miaka hamsini na kitu tu ilikuwa imepita tangu Jilfidan afariki. Mwanamke mwingine mwenye damu ya utumwa anaingia, anakaa ukumbini, wakubwa wananyamaza kumsikiliza. Wakimaliza analipwa. Halafu anarudi kwake Ng'ambo, na huko anaimba tena kwa majirani, watu wa kaniki na kanga za bei rahisi, wanaokaa kwenye mikeka na kuchangia maneno.

Hilo la kurudi kwake ndo kubwa kuliko yote kwangu. Suria hakuwa na kwake. Dora Jordan alipotolewa kwake hakuwa na pa kurudi. Siti alikuwa na mlango wa kutokea, na ufunguo anao mwenyewe.

Mwaka 1928 kampuni ya HMV ikampeleka Bombay na kundi lake kurekodi. Zikatoka santuri za Kiswahili, makumi ya nyimbo, zikauzwa mwambao mzima na bara. Yeye ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodiwa namna ile. Na mwaka huo huo watu wa Ng'ambo, majirani zake, walikuwa kwenye mgomo wa kukataa kulipa kodi ya viwanja kwa wenye ardhi. Yaani wakati santuri zinazunguka, mtaa wake unachemka.

Nyimbo zake nazo hazikuwa za kubembeleza tu. Ule maarufu, Kijiti, ulitokana na tukio la kweli. Mwanamke mgeni alikuja Unguja, akachukuliwa ngomani, akabakwa na kuuawa, tena mjamzito. Muuaji akakimbilia bara. Waliokuja kuadhibiwa ni wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi. Mahakama ya kikoloni ilifunga faili. Wimbo haukufunga. Ukabeba jina la muuaji mpaka leo unaimbwa, na Bi Kidude, aliyejifunza nyimbo za Siti tangu msichana, aliubeba na zingine mpaka alipofariki mwaka 2013.

Mwanamke asiyejua kalamu akawa ndo kumbukumbu ya wanawake ambao faili zao zilipotea.

TUSEME UKWELI WOTE

Sitaki kuandika kama vile Siti alishuka kutoka mbinguni peke yake. Hapana. Alifundishwa na wanaume. Kundi lake lilikuwa la wanaume, na tungo nyingi walizifanya kwa pamoja. Matajiri walimlipa, wengine walimpa zawadi. Kwa hiyo ukitaka kuuliza "nani yuko nyuma yake", majina yapo. Walimu, wapiga vyombo, wasikilizaji wa Ng'ambo, kampuni ya santuri. Kila msanii ana watu nyuma yake, hata wa kiume. Tofauti ni kwamba msanii wa kiume tukimuulizia watu walio nyuma yake tunamaanisha meneja na prodyuza. Wa kike tunamaanisha kitanda.

Na sitaki pia mtu aondoke hapa anawadharau masuria. Jilfidan hakuchagua. Mtoto wa kung'oka meno hachagui. Ukisoma binti yake alivyomwandika, unakutana na mwanamke aliyewahudumia wagonjwa na kuwasomea, mtu wa watu. Kosa halikuwa lake, lilikuwa la mfumo uliompa mwanamke mlango mmoja tu, halafu ukamdharau kwa kuupita.

Wanawake wa kizazi cha Siti walipigania mlango wa pili. Wengine kwa kwenda mahakamani, wengine kwa kubadilisha nguo, wengine kwa kugoma kulipa kodi. Yeye kwa koo. Walipambana ili ifike siku mwanamke akiwa na kitu, iwezekane kwamba ni cha kwake.

Sasa sisi, na simu zetu, mwanamke akinunua IST tunamrudisha mlango wa kwanza kwa sentensi moja mnadani. Wapo wanaohongwa? Wapo, na wanaohonga wapo, wengine wana vitambi na mashati ya kitenge na wanaheshimika sana, hakuna anayewaimbia mafumbo. Lakini kuanza na hukumu hiyo kwa kila binti ni kumvua kanga na kumrudishia kaniki.

Siti alifariki Julai 8, 1950. Muda mfupi kabla ya hapo Shaaban Robert alikwenda kuzungumza naye, na mazungumzo yale yakazaa Wasifu wa Siti binti Saad. Chama cha waandishi wa habari wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kiliita jarida lake Sauti ya Siti. Kasri nalo, baada ya 1964, halina tena sultani. Liligeuzwa makumbusho, na ndani yake kikawekwa chumba cha Salme. Ukipata nauli ya boti, ulizia kwanza kama pako wazi, nenda ukakione. Ukiwa humo, waulizie wale wanawake 75 walikuwa wanaitwa nani.

Yule binti wa IST nilikutana naye tena jana kituoni, anasubiri daladala ya mjini. Gari iko kwa fundi. Nikamwambia nilicheka siku ile mnadani na nikanyamaza, anisamehe. Akaniangalia, akasema, "Kaka, mbona nilisikia." Halafu akaniuliza kama kuna mtu ninayemjua ana harusi mwezi ujao, bendi ina nafasi Jumamosi mbili. Nikampa namba ya dada mmoja wa Area C.